Kwa wazee wa kata kwanza

Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, talaka haidaiwi mahakamani moja kwa moja. Kifungu cha 101 kinataka mpite kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, nalo lithibitishe kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha.

Walioiweka nawaelewa. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wawili hadi watano, wa kata au wa jumuiya ya dini, na wakili hana nafasi ya kumsemea mtu. Kama ugomvi ni mawifi, au mshahara unaoishia baa, mzee anayewajua wote wawili atauliza swali ambalo hakimu halijui. Niliwahi kumsindikiza ndugu yangu kwenye ofisi moja ya kata. Mume alifika akiwaka, anataka talaka leo leo. Mzee akamuuliza tu: "Ada ya huyu mdogo, muhula ujao analipa nani?" Kimya. Waliondoka wamepakiana bodaboda moja.

Aliyefuata kuitwa alikuwa mama mwenye bandeji juu ya jicho. Naye akaambiwa vyombo kabatini havikosi kugongana, arudi baada ya wiki mbili.

Kusema kweli, kifungu chenyewe kina milango ya pembeni: kwa aliyetelekezwa asijue mwenzake alipo, kwa ambaye mwenzake amekaidi wito wa baraza, au pale mahakama inapoona kuna mazingira ya pekee. Kipigo hakikutajwa humo. Sasa mtu asiye na wakili ajuaje kwamba jicho lake linaweza kuhesabika kuwa mazingira ya pekee? Na akikosea kukisia, hasara ni kubwa: Mahakama ya Rufani imewahi kufuta shauri zima kwa sababu wanandoa hawakupita barazani, mambo yakarudi mwanzo. Hati nayo ina umri wake. Ikizidi miezi sita kabla ya shauri kufunguliwa, haifai tena.

Mimi baraza ningelibakiza, kwa ajili ya wale wa bodaboda. Ila anayepigwa ningemwandikia mlango wake ndani ya sheria, kwa maneno ambayo hata karani wa kata hawezi kuyapindisha.

Yule mama alitoka na barua ya wito mkononi. Alikuwa ameagizwa akamkabidhi mumewe yeye mwenyewe.