Kisu "Kisichotumika" Chenye Makali Yaliyoguswa

Katika magomvi ya wauzaji na wanunuzi wa visu vya mfukoni mtandaoni, hakuna linalomfanya mnunuzi aonekane msumbufu kama lile la makali yaliyoguswa. Kutu inaonekana. Mpini uliopasuka unaonekana. Springi iliyochoka utaijua mara ya kwanza unapokunjua. Lakini mtu akilalamika kwamba kisu alichouziwa kwa maelezo ya "hakijatumika" kimeshapitishwa kwenye jiwe la kunolea, jibu huwa ni lile lile: kwani ulitaka kisu butu? Muuzaji anaona amefanya hisani, na watu wa pembeni wanamcheka mnunuzi.

Nadhani mnunuzi huyo haeleweki, na anayemcheka hajafikiri sana juu ya chuma.

Kunoa si kusafisha. Kunoa ni kupunguza. Uchafu uliojaa kwenye bawaba huoshwa, skrubu iliyolegea hukazwa, kutu ya juu juu hufutika kwa mafuta na kitambaa. Chuma kilichobaki kwenye jiwe hakirudi kwenye bapa kwa njia yoyote ile. Makali ya kiwandani huwa na mteremko ulio sawa kutoka karibu na mpini hadi nchani, na michirizi ya mashine inayolala upande mmoja. Mkono wa mtu, hata wa fundi mzuri, huacha alama zake: michirizi inayopishana, mteremko unaopanuka kadiri unavyokaribia ncha, na kipande kidogo cha makali karibu na mpini ambacho jiwe halikukifikia. Kioo cha kukuzia mara 10 kinatosha kuyaona yote hayo. Mtu aliyelipa zaidi kwa sababu kisu hakijaguswa alikuwa ananunua huko kutoguswa kwenyewe. Kama angetaka cha kukatia kamba na maboksi, visu vilivyotumika vimejaa, tena kwa bei nafuu.

Ngazi za hali ya kisu walizojiwekea wakusanyaji wa Marekani zinampa haki mnunuzi huyu. Ngazi ya juu kabisa ni kisu kilivyotoka kiwandani: hakijabebwa mfukoni, hakijanolewa, hakijasuguliwa kwa nguvu. Mara moja tu kwenye jiwe, kisu kimeshuka ngazi. Huko chini ndiko zinakoanza asilimia: bapa lililolika si zaidi ya asilimia 10 bado ni zuri sana, kisha inafuata ngazi ya takriban asilimia 25, kisha 50.

Asilimia hizo, hasa ile ya 10, zinanisumbua. Asilimia 10 ya nini? Chukua bapa lenye upana wa milimita 12 na urefu wa milimita 70. Likinolewa hadi upana upungue kwa milimita 1.2, limepoteza sehemu moja ya kumi, na huo ni ulaji wa kawaida wa kisu kilichotunzwa. Sasa chukua bapa hilo hilo, ncha ivunjike, mtu alichonge upya ili lipate ncha nyingine. Urefu umepungua kwa milimita 7. Hiyo nayo ni sehemu moja ya kumi. Muuzaji anaweza kuviandika visu hivi viwili katika ngazi moja bila kusema uongo, ilhali kimoja kimezeeka tu na kingine kilivunjika kikatengenezwa. Na hata tukikubaliana tunapima upana au urefu, tunapima kwa kulinganisha na nini? Muuzaji hana bapa la awali mkononi. Anakadiria kwa macho, na macho ya mtu anayeuza huwa na huruma kwa mali yake.

Bahati nzuri, baadhi ya visu vinajieleza. Kampuni ya Case ya Marekani ilianza mwaka 1970 kupiga nukta 10 kwenye shina la bapa, yaani sehemu yake iliyo karibu na bawaba, ikawa inaondoa moja kila mwaka. Nukta 7 maana yake 1973. Mwaka 1980 hesabu ilianza upya kwa nukta 10, safari hii herufi S za muhuri wa kampuni zikiwa na umbo la radi ili miongo hiyo miwili isichanganywe. Visu vyake vingi vina pia namba ya muundo: katika 6254, tarakimu ya 6 inaeleza mpini, 2 ni idadi ya mabapa, na 54 ndiyo muundo wenyewe. Ukishajua mwaka na muundo, unaweza kutafuta kisu cha aina ile ile ambacho hakijaguswa na kuona bapa lilipaswa kuwa na ukubwa gani. Mnunuzi anayefanya hivyo anaitwa mkorofi. Kwa maoni yangu ndiye mtu pekee katika mabishano hayo anayepima kitu.

Kuna na ujanja ambao picha haiuoneshi. Bapa likinolewa kwa miaka mingi, makali hupanda kuelekea mgongoni na ncha huanza kuchomoza nje ya mpini kisu kikiwa kimekunjwa. Anayetaka kuficha hilo huchukua tupa, akapunguza kile kichomozo kidogo karibu na shina kinachoegemea springi bapa linapofungwa. Bapa linazama, ncha inajificha, na pichani kisu kinaonekana kizima. Dalili hujitokeza baadaye, makali yanapoanza kugonga springi na kupata ubutu mahali pamoja kila wakati.

Tumsikilize na muuzaji, maana si wote wanaoshika tupa. Wengi wanauza visu vya kurithi vilivyokuwa kwenye droo ya mzee wao. Hawajawahi kuinua kioo cha kukuzia. Wamevisugua ving'ae kwa sababu karibu kila kitu kingine kinachouzwa hupendeza kikiwa kinang'aa, na hawakujua kwamba rangi ya kijivu iliyojengeka juu ya chuma cha kaboni ndiyo baadhi ya wakusanyaji wanayoitafuta, au kwamba gurudumu la kung'arishia hulainisha kingo za muhuri wa kiwanda. Mtu wa namna hiyo akiambiwa "tapeli" ana haki ya kukasirika.

Isitoshe, kuna wanunuzi wasiofaa. Yupo anayekitumia kisu wiki nzima ndipo agundue kwamba "hakikuwa kama kilivyoelezwa". Yupo anayelalamika kwa kila kifurushi ili arudishiwe sehemu ya pesa na kisu kibaki kwake, akiyaendeleza mapatano ya bei baada ya bei kukubaliwa. Yupo hata anayerudisha kisu kingine kibovu badala ya kile alichopokea. Mifumo ya mauzo na malipo nayo humpendelea zaidi mnunuzi: soko la mtandaoni la eBay humpa kwa kawaida siku 30 za kudai kwamba bidhaa hailingani na maelezo, na gharama ya kurudisha huwa juu ya muuzaji, na huduma ya malipo ya PayPal hupokea malalamiko hadi siku 180 baada ya malipo. Nusu mwaka ni muda mrefu kwa mtu aliyeuza visu vitatu vya babu yake na pesa ameshaitumia. Malalamiko hayo ya wauzaji nayaheshimu. Ila hayabadilishi kilichoandikwa kwenye tangazo.

Hapa sheria ina busara kuliko mabishano yetu. Uingereza, anayenunua kwa mfanyabiashara ana siku 30 za kukikataa kitu kisicholingana na maelezo, kwa sheria ya watumiaji ya mwaka 2015. Anayenunua kwa mtu binafsi haahidiwi ubora, lakini kwa sheria ya mauzo ya 1979 kitu lazima kilingane na maelezo yaliyotolewa. Umoja wa Ulaya humpa anayenunua mtandaoni kwa mfanyabiashara siku 14 za kughairi bila hata kutoa sababu. Kote huko, mnunuzi anayetaka kurudisha hatakiwi kuthibitisha kwamba muuzaji alidanganya kwa makusudi. Swali ni kama kitu kinalingana na maneno. Nia njema ya muuzaji inamwondolea jina la utapeli. Haimwondolei wajibu wa kukipokea kisu chake.

Tofauti hiyo ingezingatiwa, nusu ya ugomvi ingekwisha. Mnunuzi aandike: "Tangazo lilisema hakijanolewa, picha hizi zinaonesha kimenolewa, naomba kukirudisha." Asiandike "umeniibia". Muuzaji asiyejua atakipokea bila kupoteza heshima yake, na tapeli atalazimika kujibu picha badala ya kujitia hasira.

Vipi kurudishiwa sehemu ya pesa? Kwa kisu cha kutumia, sioni ubaya. Kwa kisu kilichouzwa kwa sababu hakijaguswa, naona kukirudisha ni safi zaidi, kwa kuwa fidia ya nusu nusu ndiyo inayowalisha wale wanaolalamika kwa kila kifurushi. Shida ni kwamba kisu si kiatu. Baadhi ya wasafirishaji wanakataa vitu vyenye makali, na kisu kinachojifyatua kwa kitufe huenda kikawa halali kilikotoka na marufuku kinakopita. Basi ikilazimu fidia, ipimwe kwa tofauti ya bei kati ya ngazi iliyoandikwa na ngazi halisi, isipimwe kwa nani amefoka zaidi.

Mnunuzi naye ana kazi yake, na wengi huiharibu dakika ya kwanza. Wanafuta kutu, wanatia mafuta, wanajaribu makali kwenye boksi lile lile lililokileta kisu, ndipo wanalalamika. Hapo muuzaji ana hoja nzuri kabisa: nitajuaje kwamba si wewe? Kisu kipigwe picha kabla ya kuguswa, kuanzia kikiwa ndani ya kifurushi: kimekunjwa, kimekunjuliwa, pande zote mbili, muhuri, na makali yakielekezwa kwenye lenzi. Makali mazima hayaakisi mwanga. Ukiona nukta inayometa, hapo pana pengo au pamekuwa butu. Rula ikae kando ya bapa.

Zaidi ya yote, aulize kabla ya kulipa, na aulize mambo ya kujibika. "Kiko katika hali gani?" hupata jibu la "safi sana", na safi sana haipimiki. Kimewahi kunolewa? Ncha ni ya kiwandani? Bawaba imewahi kufunguliwa? Bapa likiwa wazi linacheza? Majibu ya maandishi yanaingia kwenye maelezo ya bidhaa na yanaweza kuoneshwa baadaye. Na muuzaji aliyejibu "sijui kama kimenolewa" hajadanganya chochote. Mnunuzi aliyelisoma jibu hilo akalipa bei ya kisu kisichoguswa hana wa kumdai.