Tumbo lililochanwa: kulifunga leo au kuliacha wazi?

Damu imedhibitiwa na utumbo uliotoboka umeshughulikiwa. Sasa ukuta wa tumbo uliochanwa kwa risasi, panga au usukani wa bodaboda ufungwe papo hapo, au uachwe wazi? Madaktari wa upasuaji hawajakubaliana hata leo.

Wanaotetea kuacha wazi wana hoja nzito. Mgonjwa aliyepoa chini ya nyuzi 35, ambaye pH (kipimo cha asidi) ya damu yake imeshuka chini ya 7.2 na damu yenyewe haigandi, hahimili saa tatu za mishono ya ustadi. Mbinu iliyoelezwa na madaktari wa upasuaji Rotondo, Schwab na wenzao huko Philadelphia mwaka 1993 ni kuzuia damu, kufunga ncha za utumbo ili kinyesi kisivuje, kubana ini kwa vitambaa, kisha kumpeleka mgonjwa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) akapashwe joto. Kurudi chumba cha upasuaji ni baada ya saa 24 hadi 48. Kuna pia suala la shinikizo ndani ya tumbo. Utumbo uliovimba ukisukumwa ndani kwa nguvu na shinikizo likavuka milimita 20 za zebaki, huku figo au mapafu yakianza kushindwa, mishono inapaswa kufunguliwa. Shinikizo hupimwa kupitia katheta (mpira) ya mkojo kwa maji ya chumvi yanayoingizwa kibofuni yasiyozidi mililita 25, mgonjwa akiwa chali, na husomwa mwisho wa kutoa pumzi. Ukijaza maji mengi zaidi, namba inapanda kwa uongo.

Lakini tumbo wazi lina bei yake. Fashia, ule utando mgumu unaoshikilia misuli, hujivuta pembeni kila siku, na kufikia wiki moja hivi utumbo huanza kunatana na ukuta. Baya zaidi ni fistula, yaani tundu la utumbo linalovujia nje, katikati ya kidonda: kinyesi kinamwagika juu ya utumbo wenyewe, na hakuna ngozi ya kubandikia mfuko. Mara nyingi chanzo ni gozi kavu iliyogusa utumbo, au mshono wa utumbo ulioachwa juu badala ya kufichwa chini ya matanzi mengine.

Tumbo likiachwa wazi, hufunikwa kwa muda. Mfuko wa dripu uliokatwa na kushonewa kidondani, alioanza kuutumia Oswaldo Borráez huko Bogotá mwaka 1984, ni rahisi na unapatikana. Ushonewe kwenye ngozi, fashia isitobolewe bure. Kasoro yake ni kwamba haufyonzi maji wala kuvuta fashia. Mfumo mwingine, unaoitwa wa Barker, hufyonza: plastiki yenye matundu madogo hupenyezwa ndani kabisa chini ya ukuta pande zote, juu yake taulo tasa na mipira miwili ya kufyonzea maji, kisha plastiki ya kunata na mvuto wa milimita 100 hadi 150 za zebaki. Umeme ukikatika, maji hujaa na gundi hubanduka. Ukiongeza wavu ulioshonewa kingo za fashia na kukazwa katikati kila baada ya siku mbili tatu, nafasi ya kufunga kabisa huwa bora kuliko kufyonza peke yake.

Kwa maoni yetu, pasipo ICU, damu ya akiba wala timu ya kurudi kesho, wanaotetea kufunga wana haki: tumbo lisiachwe wazi kwa sababu tu vitabu vinaruhusu. Shinikizo likizuia kufunga, weka mfuko wa dripu na umpe mgonjwa rufaa siku hiyohiyo. Ukifunga, mishono midogo, milimita 5 kutoka ukingo na milimita 5 kati yao, ilishinda mishono mikubwa katika jaribio la Uholanzi la 2015. Jaribio hilo, hata hivyo, lilihusu upasuaji wa kupangwa, si fashia iliyovimba.

Nyama ikiwa imepotea, mjadala hubadilika. Ondoa misuli isiyovuja damu wala kushtuka ikibanwa. Wavu wa polipropilini (aina ya plastiki isiyoyeyuka) usigusane na utumbo, huutafuna. Kwenye uchafu wa kinyesi, wavu unaoyeyuka na ngozi ya kupandikiza vinatosha, na ngiri itakayobaki ikubaliwe. Itarekebishwa baada ya miezi 6 hadi 12, ngozi ile itakapoweza kuinuliwa kwa vidole mbali na utumbo. Hapo ndipo mbinu ya Ramirez ya 1990 inapofaa: utando mgumu wa msuli wa nje wa ubavu hukatwa kando ya msuli wa katikati ili ukuta usogee. Kuitumia wiki ya kwanza ni kujinyima njia ya baadaye, kwa sababu kovu lake hufanya mara ya pili iwe ngumu mno.