Made in Heaven: Nani Analipia Uhuru wa Bibi Harusi?

Made in Heaven, tamthilia ya Zoya Akhtar na Reema Kagti iliyoanza kuonyeshwa Amazon Prime Video Machi 2019 na kurudi na msimu wa pili Agosti 2023, inawafuata Tara na Karan, waandaaji wa harusi za matajiri wa Delhi. Kila sehemu ina harusi yake, na karibu kila harusi ina mwanamke anayebanwa na watu wanaompenda. Hilo la kupendwa ndilo linalonifanya niitetee mbele ya wanaoiponda.

Nao wanaoiponda wana hoja. Wanasema huu ni uhuru wa wenye pesa: anayesusa ndoa kwenye hoteli ya kifahari anajua usiku atalala wapi, binti wa kijijini Bihar, jimbo la India, hajui. Ni kweli. Lakini tazama kisa cha Priyanka, afisa wa ngazi ya juu serikalini. Wakwe watarajiwa wanadai mali, maana huko India upande wa bibi harusi ndio unaotoa, kinyume na mahari yetu. Yeye hataki hata kulisikia jambo hilo. Wazazi wake wanalipa kwa siri. Akigundua, anaiacha harusi na kuondoka. Ana elimu, ana mshahara, ana cheo, na bado watu wameelewana bei bila yeye kuulizwa.

Wazazi wale ni rahisi kuwalaani. Sheria ya India ya mwaka 1961 inakataza kutoa na kupokea mali hiyo, kwa hiyo nao ni wakosaji. Ila wanaishi katika nchi ambayo takwimu rasmi bado zinaonyesha wanawake zaidi ya 6,000 kwa mwaka wanaokufa kwa sababu ya mali hiyo. Mzazi anayelipa anadhani anamnunulia bintiye usalama. Kwa maoni yangu anajidanganya, kwani aliyepewa leo kesho atarudi kudai zaidi. Lakini roho mbaya hana.

Tena shinikizo halitoki kwa wazee peke yao. Yupo mama mtu mzima anayetaka kuolewa tena, na wanaomwekea vikwazo ni watoto wake mwenyewe, wanaoogopa maneno ya watu.

Ninapoishiwa uvumilivu ni pale bibi harusi anapoinuka na sehemu inakwisha. Kesho yake hatuioni: shangazi anayekata simu, mdogo wake anayekosa mchumba kwa ajili ya dada "aliyeaibisha ukoo", mama ambaye presha imempanda. Familia ndiyo inayokopesha mtu akikwama na kumlelea mtoto akienda kazini. Anayeikataa amri yake anahatarisha na msaada wake. Waandishi wanalijua hili, ndiyo maana yupo pia Adhira, nyota wa filamu anayepigwa na mchumba wake na bado anafunga naye ndoa. Inakera kuitazama, lakini naiamini kuliko ile ya Priyanka.

Halafu Tara mwenyewe. Katokea familia ya kipato cha chini, akawa katibu muhtasi wa tajiri Adil, akaolewa naye, kisha akamfumania na Faiza, rafiki wa Tara mwenyewe. Msimu wa kwanza unaisha akimwacha. Wa pili unamkuta katika talaka na ugomvi wa nyumba. Sheria za India, ukiliondoa jimbo la Goa, hazina kanuni ya kugawana mali ya ndoa nusu kwa nusu. Mke anayeachika hudai matunzo. Marekebisho ya sheria ya mirathi ya Wahindu ya mwaka 2005 yalimpa binti haki sawa na kaka yake katika mali ya ukoo, lakini ukoo wa Tara hauna mali ya kurithisha. Wapo wanaomwita mpenda pesa kwa kuing'ang'ania ile nyumba. Mimi sioni ni kitu gani kingine angeng'ang'ania.