Kabla ya Mizani, Bonyeza Miguu

Siku ya kliniki ya watoto, iwe Pangani, Muheza au Ngamiani mjini Tanga, kila mtu anangoja mizani. Mtoto anavalishwa ile suruali ya kupimia, anatundikwa, analia, nesi anasoma namba na kuweka nukta kwenye kadi. Nukta ikiangukia pazuri, anaitwa mama mwingine. Hapo ndipo mtoto aliyevimba anapotuponyoka. Msimamo wetu ni kwamba katika kutafuta utapiamlo mkali mizani iwe ya tatu: kwanza miguu, kisha mkono, ndipo uzito.

Chukua mtoto wa kike wa miezi 14 mwenye kilo 8. Kwa kadi hana kosa. Ila kama sehemu ya kilo hizo ni maji yaliyojaa chini ya ngozi, nyama yake imeshakwisha na mizani inamfichia siri. Tena mashavu yake yamejaa, kwa hiyo nyumbani wanaona kanona. Huyu ana kwashakoo, yaani utapiamlo mkali wa kuvimba, na anaweza kuwa kwenye hatari kubwa kuliko jirani yake aliyekonda ambaye kila mtu anamwonea huruma.

Kumtambua hakuhitaji kifaa. Mpakate mtoto, miguu ining'inie. Weka dole gumba juu ya mgongo wa wayo wa kila mguu, chini ya kifundo, bonyeza miguu yote miwili kwa pamoja, kwa uthabiti bila kuumiza, ukihesabu polepole "mia na moja, mia na mbili, mia na tatu". Achia. Ngozi ikibaki na kibonyeo miguu yote miwili, huo ni uvimbe wa utapiamlo mpaka ithibitike vinginevyo. Usitegemee macho peke yake chumba kikiwa na mwanga hafifu. Pitisha kidole, kibonyeo utakisikia. Mguu mmoja tu ukivimba, tafuta jeraha au maambukizi. Wanaokosea wengi hubonyeza sekunde moja na kuondoka, au hubonyeza wakati mtoto anarusha miguu, kisha wanaandika "hana uvimbe".

Uvimbe una ngazi tatu. Ukiwa miguuni tu, kwenye nyayo na vifundo, ni alama moja ya kujumlisha. Ukipanda mpaka miundi, au ukafika viganjani, ni mbili. Ukienea mwili mzima hadi usoni ni tatu, na huyo analazwa siku hiyohiyo hata kama anakula. Angalia pia nywele zilizogeuka rangi na kung'oka bila maumivu, ngozi inayobanduka, na mtoto mnyonge asiyetaka kuchekeshwa wala kuguswa.

Mkono ni kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Utepe wa rangi tatu hupita mkono wa kushoto, katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko. Unapotafuta katikati, kunja kiwiko. Unapopima, mkono unyooke na ulegee. Sentimita 12.5 na kuendelea ni kijani. Kuanzia 11.5 mpaka 12.4 ni njano, utapiamlo wa kadiri. Chini ya 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Makosa yanajulikana: utepe unavutwa mpaka unakata nyama, au unalegezwa mpaka unapitisha mwanga, au mtoto anapimwa juu ya nguo kwa sababu ya foleni. Kukosea milimita tatu tu kunatosha kumhamisha mtoto kutoka nyekundu kwenda njano, na kumnyima matibabu.

Utepe huu tungependa uwe nyumbani. Niger walishaonyesha kwamba mama akielekezwa kwa muda mfupi anaupima mkono wa mwanawe na kupata rangi ileile anayoipata mhudumu wa afya, hata akikadiria katikati kwa jicho. Mama wa Mkinga, hapa kwetu Tanga, hana upungufu wowote wa kumzuia kufanya hivyo. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ndiyo mahali pa kugawa tepe hizo na kumfundisha kila mama kubonyeza miguu.

Kuna jambo linalochelewesha kuliko umbali wa zahanati. Mtoto akidhoofu au kuvimba, pwani yetu na hata bara watu wananong'ona kwamba kabemendwa, yaani wazazi wake wamevunja miiko wakati wa kunyonyesha. Mama anayenyooshewa kidole hivyo atampeleka mtoto kliniki lini? Anamfunika kanga, anangoja giza, anaanza kwa mganga. Mhudumu anayemkaripia mama huyo mbele ya foleni anamalizia kazi ya majirani. Na bibi ndiye wa kuzungumza naye, kwa heshima yake: "Bibi, mjukuu wako hajanona, amejaa maji. Njoo ubonyeze mwenyewe uone." Bibi akishaona kibonyeo kwa macho yake, nauli inapatikana.

Si kila mtoto mwenye utapiamlo mkali analazwa. Mbali na uvimbe wa alama tatu, kinachoamua ni hamu ya kula na dalili za hatari: kulegea au kupoteza fahamu, degedege, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, homa kali au mwili wa baridi, kukaukiwa maji. Hamu hupimwa kwa chakula dawa, ile pakiti ya gramu 92 ya karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini, yenye kilokalori 500. Mama ananawa mikono, anakaa na mwanawe pembeni kwenye utulivu, anampa kidogokidogo na maji safi ya kunywa, bila kumlazimisha, kwa muda usiozidi saa moja. Mtoto wa kilo 4 hadi 6.9 akimaliza angalau robo ya pakiti amefaulu. Jaribio hili likifanywa kwa dakika tano katikati ya kelele, litawafelisha watoto wengi wazima wa hamu.

Anayepelekwa hospitali, tuseme kutoka kijiji kimoja wilayani Pangani kwenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga, asisafirishwe tumbo tupu. Sukari ya damu hushuka haraka na inaweza kumuua njiani. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, kilichojaa kidogo, kwenye vijiko vitatu na nusu vya chakula vya maji safi kinampa mililita 50 za kuanzia. Baada ya hapo aendelee kunyweshwa kidogokidogo njia nzima. Abebwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kichwa kifunikwe. Kama amezimia asinyweshwe chochote kwa mdomo. Huyo hupewa kwa mrija au kwa mshipa, na hiyo ni kazi ya kituo.

Wodini mizani inatudanganya mara ya pili. Mtoto anaanzishwa maziwa ya F-75, yenye kilokalori 75 na chini kidogo ya gramu moja ya protini kwa kila mililita 100. Ndugu wakiyaona yalivyo mepesi wanaona hospitali ina ubahili. Lakini mwili wa mtoto huyu umezima mambo mengi ili uishi. Ini lake haliwezi mzigo wa protini, moyo umedhoofu, figo hazitoi chumvi ipasavyo, na ndani ya chembe hai za mwili sodiamu imejaa huku potasiamu ikipungua. Supu ya samaki anayopewa kwa siri na shangazi aliyekuja kumtazama inaweza kummaliza, kwa chumvi na kwa protini yake.

Kipimo ni mililita 130 kwa kilo kwa siku, zikigawanywa kila saa mbili mwanzoni. Mtoto wa kilo 6.4 anapata takriban mililita 70 kila mlo, milo 12 kwa siku. Mwenye uvimbe wa alama tatu anapigiwa mililita 100 kwa kilo, kwa sababu uzito wake una maji mengi; mlo wake unakuwa kama mililita 55. Tofauti hiyo ndogo huokoa moyo.

Siku zinazofuata, mtoto aliyevimba hupungua uzito. Mama anaogopa, na wakati mwingine hata daktari wa zamu anaogopa na kuongeza maziwa. Huko kupungua ndiko tunakokutaka, maji yanatoka. Anayepaswa kututisha ni yule anayepanda uzito ghafla akiwa kwenye dripu. Mapigo yakiongezeka 25 kwa dakika na pumzi zikiongezeka 5, maji yasimamishwe mara moja, moyo unazidiwa. Ndiyo maana dripu ni ya mtoto mwenye shoki peke yake, yaani ambaye damu yake haizunguki ipasavyo, na mwenye kuhara hupewa ReSoMal, maji ya chumvi na sukari ya watoto wenye utapiamlo mkali, badala ya ORS, yale ya kawaida ya kuhara: mililita 5 kwa kilo kila nusu saa kwa saa mbili za kwanza. ReSoMal ina sodiamu milimoli 45 kwa lita, ORS ina 75. Kipindupindu kikishukiwa, hapo ORS ndiyo itumike. Dawa ya madini chuma ingoje, hata kama macho ni meupe kwa upungufu wa damu, maana mwanzoni inakuza maambukizi. Antibiotiki zisingoje, kwani mtoto huyu anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa hata kidogo.

Tukiulizwa wapi wodi zinashindwa, tutajibu: saa nane usiku. Mlo wa saa nne unatolewa, wa saa sita unachelewa, wa saa nane mama amelala sakafuni na nesi mmoja ana wodi mbili. Alfajiri mtoto ni wa baridi na hana sukari. Hakuna dawa inayoziba pengo hilo. Inatakiwa zamu iandikwe jina la mtu anayewajibika na milo ya usiku, na mama aelezwe saa kwa lugha anayoijua, ili naye aamshe.

Hamu ikirudi na uvimbe ukianza kushuka, mtoto anahamia F-100, maziwa mazito kuliko F-75, kwa ujazo uleule kwa siku mbili, au chakula dawa. Sasa ndiyo zamu ya mizani. Kupanda zaidi ya gramu 10 kwa kilo kwa siku ni kuzuri. Chini ya 5 kuna jambo: maambukizi yaliyofichika, kifua kikuu, VVU, au pakiti zinaliwa na wengine. Nyumbani mtoto wa kilo 6 anahitaji karibu pakiti 2 kwa siku, akianza kunyonya ndipo ale pakiti, ndipo vyakula vingine. Isichanganywe na uji. Na kabla ya kumlaumu mama kwa kugawa, uliza wako watoto wangapi na chungu kina nini. Pale uji wa muhogo mtupu ndio mlo wa nyumba nzima, atagawa. Mpime na mdogo wake.

Zamani watoto waliruhusiwa kuacha matibabu wakishaongeza asilimia 15 ya uzito. Shirika la Afya Duniani liliachana na kigezo hicho mwaka 2013, kwa kuwa kiliwatoa mapema waliokonda zaidi. Leo anayemaliza matibabu ni mtoto ambaye mkono umefika sentimita 12.5 au zaidi na hana uvimbe kwa wiki mbili mfululizo. Kwa hiyo karatasi ya rufaa ya kurudi zahanati isiandikwe "uzito umeongezeka" peke yake. Iandikwe uvimbe wa kuingia na wa kutoka, mkono wa kuingia na wa kutoka, uzito wa chini kabisa baada ya maji kuisha, na tarehe ya kupimwa tena, ili nesi wa zahanati ajue anaanzia wapi.