Msiwasingizie Mashabiki wa Arizona

Katika kundi letu la WhatsApp la Waswahili tunaoishi Phoenix na vitongoji vyake, mtu mmoja alitangaza juzi kuuza jezi ya Arizona Coyotes, iliyokuwa timu yetu ya hoki ya barafuni, kwa bei ya kutupa, akaiita jezi ya timu marehemu, na kabla mnunuzi hajapatikana mwenzake akadakia: "Barafu na jangwa, wapi na wapi?" Vicheko vikamiminika na mjadala ukafungwa kana kwamba mahakama ya rufani imekwisha kutoa hukumu. Sikujibu kule, kwa sababu jibu langu ni refu kuliko uvumilivu wa kundi lile, ambalo kwa kawaida hushughulika na michango ya harusi na magari yanayouzwa.

Hukumu hiyo tunaisikia tangu Aprili 2024, timu hiyo ya hoki ilipocheza mechi yake ya mwisho tarehe 17 dhidi ya Edmonton Oilers, ikashinda 5-2, na siku iliyofuata bodi ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, ikaidhinisha wachezaji wote wahamie Salt Lake City chini ya mmiliki mpya, Ryan Smith. Wachambuzi walisema Phoenix si mji wa hoki, wakaendelea na shughuli zao. Mimi nasema kwamba katika ligi hii mji wa hoki ni mji uliokubali kulipia ukumbi, na kwamba mapenzi ya watu huja kutajwa baadaye, wakati wa kutafuta wa kulaumiwa.

Tuanze na kumbi zenyewe. Timu ilipoletwa kutoka Winnipeg, Kanada, mwaka 1996 iliwekwa katikati ya jiji la Phoenix, katika jengo lililojengwa kwa ajili ya mpira wa kikapu, ambao uwanja wake una urefu wa mita 29 hivi ilhali barafu ya hoki inahitaji mita 61. Ili barafu ienee, upande mmoja wa viti vya juu ukabaki ukining'inia juu ya uwanja, na aliyeketi huko hakuliona goli lililokuwa chini ya miguu yake. Mtu analipa nauli, analipa maegesho, analipa kiingilio, kisha anajua kwamba bao limefungwa kwa kusikia kelele za wenzake wa upande wa pili.

Mwaka 2003 wakahamishiwa Glendale, magharibi kabisa ya bonde la Phoenix, katika ukumbi wa dola milioni 220 ambao mji wenyewe ulitoa milioni 180. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi wa tiketi walikuwa wakiishi mashariki, Scottsdale, Tempe na huku kwetu Mesa. Anayeijua barabara ya 101 saa kumi na moja jioni hahitaji kuelezwa: unatoka kazini hujala, unajipanga nyuma ya taa nyekundu za magari hadi upeo wa macho, na unafika wakati wenzako wanakwenda mapumziko ya kwanza. Halafu mchambuzi aliyeko Toronto anaonyesha picha ya viti vitupu vya Jumanne usiku na kusema kwamba watu wa jangwani hawapendi barafu.

Fedha ndizo zilizokuwa aibu kubwa zaidi. Mwaka 2009 mmiliki wa wakati huo, Jerry Moyes, aliipeleka timu katika mahakama ya kufilisika, akiwa na mnunuzi tayari mkononi, Jim Balsillie, tajiri wa simu za BlackBerry, aliyetaka kuihamishia Hamilton nchini Kanada. Ligi ikapinga, jaji akakataa, na ligi yenyewe ikainunua timu kwa dola milioni 140. Nani alibeba hasara ya uendeshaji? Glendale, mji wa watu wasiofika hata robo milioni, uliolipa dola milioni 25 kwa msimu mmoja na milioni 25 nyingine kwa msimu uliofuata, ili tu timu isiondoke. Mwaka 2013 baraza la mji likapitisha kwa kura 4 dhidi ya 3 mkataba mpya wa dola milioni 15 kila mwaka kwa miaka 15, na miaka miwili baadaye baraza hilohilo likauvunja. Desemba 2021, chini ya mmiliki mwingine, Alex Meruelo, mji ukatishia kufunga milango kwa sababu ya malimbikizo ya kodi ya zaidi ya dola milioni 1.3. Klabu ikasema lilikuwa kosa la kibinadamu, ikalipa. Bila shaka. Binadamu hukosea, na mimi nikikosea kodi ya nyumba kwa kiasi hicho nitaeleweka vilevile.

Baada ya hapo timu ya ligi kubwa kabisa ya hoki duniani ikawa mpangaji katika Mullett Arena, ukumbi wa chuo kikuu wenye nafasi ya watu wapatao 5,000, ikisubiri mradi wa dola bilioni 2.1 uliopendekezwa kujengwa Tempe juu ya eneo la jalala la zamani. Tarehe 16 Mei 2023 wakazi wa Tempe walipiga kura na kuyakataa mapendekezo yote matatu. Hapo ndipo ilipotungwa hadithi kwamba Arizona imeikataa hoki. Lakini swali la kwenye karatasi ya kura halikuwa kama unapenda hoki. Lilihusu ardhi na nafuu za kodi kwa kampuni ya mwekezaji, na watu waliokwisha kuona yaliyowapata majirani zao wa Glendale walijibu kama mtu yeyote mwenye akili timamu na daftari la mahesabu angejibu.

Sasa linganisha na Salt Lake City. Ukumbi wa Delta Center nao ulijengwa kwa ajili ya kikapu, nao una tatizo lilelile la barafu kuwa ndefu kuliko jengo, hata ikabidi kuuza viti vya kuona goli moja tu. Tofauti iko wapi? Bunge la jimbo la Utah lilitunga sheria, na baraza la jiji likaongeza kodi ya mauzo kwa nusu asilimia, ili hadi dola milioni 900 zipatikane kwa ajili ya ukarabati wa ukumbi na eneo linalouzunguka. Mwananchi wa kawaida hakupelekewa karatasi ya kura. Anunuaye viatu vya mtoto huko anachangia ukumbi, awe ameiona mechi au hajaiona, na kwa msingi huo Utah imetunukiwa cheo cha mji wa hoki.

Nitakubali, shingo upande, kwamba wachezaji walistahili mahali pazuri zaidi kuliko ukumbi wa wanafunzi, na kwamba watu wa Utah wameipokea timu kwa furaha isiyo ya kuigiza. Nakubali pia kwamba Winnipeg ya mwaka 1996 ilikuwa na shida ya kweli, kwa kuwa wachezaji walilipwa kwa dola ya Marekani ilhali mashabiki walilipa kwa dola ya Kanada iliyokuwa ikididimia. Quebec iliumizwa zaidi: timu yake ilihamia Denver mwaka 1995 na mwaka uliofuata ikachukua Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi. Jiji likajenga ukumbi mpya kwa fedha za umma, ukafunguliwa mwaka 2015, na ligi haijawapa timu hadi leo.

Ila msiniambie kwamba hapa hapakuwa na mapenzi. Mwaka 2012 timu ilikuwa haina mwenyewe, inaendeshwa na ligi kama mali ya yatima, na bado ilifika fainali ya kanda ya magharibi huku ukumbi mzima wa Glendale ukiwa umevaa nyeupe, desturi waliyorithi kutoka Winnipeg. Auston Matthews, aliyechaguliwa wa kwanza katika usajili wa vijana wa mwaka 2016, amekulia Scottsdale akiitazama timu hii. Mwenzake katika timu ya Toronto, Matthew Knies, ni kijana wa Phoenix. Jirani yangu, mama mwenye asili ya Meksiko, humpeleka binti yake kwenye ukumbi wa mazoezi kila Jumamosi alfajiri. Mwezi wa Julai, wakati joto la nje linapita nyuzi 40, mtoto hushuka garini akiwa amevaa koti zito na kuburuta begi kubwa kumzidi yeye mwenyewe, kisha hurudi na nywele zilizolowa jasho na pua nyekundu kwa baridi. Mtoto huyo hakuulizwa maoni yake na bodi yoyote.

Wasomaji wa nyumbani wasidhani haya ni mambo ya Wazungu pekee. Watu wa Mbarali waliishuhudia Ihefu ikiikomesha Yanga mwaka 2022 baada ya mechi 49 za ligi bila kufungwa, na mwaka 2024 Ihefu hiyohiyo ikahamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Nao waliambiwa waelewe kwamba mpira ni biashara.

Basi tuitazame biashara. Katika uhamisho huu ligi ilimlipa Meruelo dola bilioni 1 na kumuuzia Smith kwa bilioni 1.2, na milioni 200 za ziada zikagawiwa wamiliki wa timu nyingine. Si Glendale iliyopata hata senti moja ya kufidia milioni zake, wala si vilabu vya watoto vilivyojengwa kwa miaka 28 ya uwepo wa timu. Mimi ningeweka sharti moja tu: fedha ya uhamisho ibaki katika mji unaoachwa, iendeshe barafu za watoto na ilipe madeni ya ukumbi ambao walipa kodi waliujenga kwa ahadi za ligi. Wamiliki wa timu za ligi, ambao hawakukaa hata dakika moja kwenye foleni ya 101, watasema haiwezekani. Ingewezekana vizuri sana kama wao ndio wangekuwa wanadai.

Na kwa wanaoamini bado kwamba ligi huondoka mahali kwa sababu watu wa pale hawana mapenzi, watazame Atlanta. Timu yao ya kwanza ilipelekwa Calgary mwaka 1980, ya pili ikapelekwa Winnipeg mwaka 2011, na mara zote mbili tuliambiwa kwamba Kusini mwa Marekani si mahali pa hoki. Siku hizi kuna wawekezaji katika vitongoji vya kaskazini vya Atlanta wenye michoro ya kumbi mpya, na ghafla jina la mji huo linatajwa kwa heshima tena kila yanapozungumzwa mambo ya kuongeza timu.