Ushuru wa gesi: hesabu ya Hazina na hesabu ya jikoni

Hoja ya kutoza VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwenye gesi ya kupikia nchini Kenya haijawahi kuzikwa kabisa. Gesi ilisamehewa mwaka 2016, ikatozwa asilimia 16 kuanzia Julai 2021, ikateremshwa hadi 8 Julai 2022, na Julai 2023 ikarudi sifuri. Wanaotaka kodi hiyo irudishwe si watu wasiojali. Wanatukumbusha sensa ya 2019, iliyoonyesha kuwa asilimia 55.1 ya familia zilipika kwa kuni na 23.9 tu kwa gesi. Msamaha huo, wanasema, unamfikia mwenye mtungi, na anayeokota kuni hapati kitu. Wanaongeza kuwa EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli, haipangi bei ya gesi, kwa hiyo nafuu inaweza kuishia kwa wafanyabiashara. Hoja zote mbili zina uzito.

Ila hesabu hiyo hufanywa kwa wastani wa mwaka, na nyumba nyingi haziishi kwa wastani wa mwaka. Chukua familia inayotegemea kibarua cha siku, yenye mtungi wa kilo 6 ambao umeisha jioni ya Jumanne. Tuseme kuujaza ni shilingi 1,200 bila ushuru. Ukiweka asilimia 16, ni 1,392. Ukizigawa hizo 192 kwa siku ambazo gesi itadumu, ni shilingi chache tu kwa siku, na ndivyo mchumi anavyoziona. Dukani hazigawanywi. Zinatakiwa zote papo hapo, kabla jiko halijawaka. Mama mwenye 1,250 mkononi anarudi na mtungi mtupu, anapitia kibandani na kununua makaa ya mkebe mmoja ya kuivisha chakula cha usiku huo.

Muuza makaa hamtozi VAT, kwa sababu mauzo yake hayafiki kiwango cha kusajiliwa. Hapo ndipo ushuru unapopinda mambo: nishati safi inalipiwa kodi, na ile ya moshi inauzwa bila kodi mita chache kutoka hapo. Wala makaa si rahisi kama yanavyoonekana. Kilo moja ya gesi hupika kiasi ambacho jiko la kawaida lingehitaji kilo 3 hadi 4 za makaa, kwa kuwa joto jingi la makaa hupotelea pembeni mwa sufuria. Huyu mama anajua kwamba makaa ya mkebe mkebe yatamgharimu zaidi kufikia mwisho wa mwezi. Anayanunua kwa sababu mkebe unalingana na pesa alizonazo leo. Anayesema msamaha wa gesi ni wa wenye uwezo amewahesabu wanaotumia gesi tayari, akawasahau walio mlangoni, wanaoingia mwezi huu na kutoka mwezi ujao.

Kuna dai jingine linalorudiwa sana: kwamba ushuru uliondolewa na bei haikushuka, kwa hiyo msamaha haukufaa kitu. Hapa tutulie na kikokotoo. Chukua mtungi wa kilo 13 wenye bei ya msingi ya 3,000. Kwa VAT ya 16 unauzwa 3,480. Kwa 8 unauzwa 3,240. Nafuu ni shilingi 240, yaani asilimia 6.9 ya bei ya zamani, si 8 kama wengi wanavyodhani, maana ushuru hukokotolewa juu ya bei ya msingi na si juu ya kile unacholipa. Sasa bei ya msingi ikipanda kwa asilimia 8 katika miezi hiyo hiyo, mtungi unafika 3,499. Umezidi hata ulivyokuwa kabla ya nafuu. Mnunuzi anaona amedanganywa, muuzaji anaapa kwamba hajabakisha kitu, na wote wawili wanaweza kuwa wakweli.

Ndivyo mambo yalivyokuwa 2023. Kutoka asilimia 8 hadi sifuri, nafuu iliyowezekana ilikuwa asilimia 7.4. Gesi yetu hununuliwa nje kwa dola, na dola iliyokuwa karibu shilingi 123 mwanzoni mwa mwaka ilimaliza mwaka ikiwa karibu 156. Hiyo ni zaidi ya asilimia 26. Kulaumu msamaha kwa bei ya mwaka ule ni kuupima kwa kitu ambacho haukuwa na uwezo wa kukizuia.

Na ushuru wa asilimia una tabia inayonisumbua kuliko yote. Hupanda wenyewe. Kwa bei ya msingi ya 3,000, asilimia 16 ni 480. Kama bei yote ingefuata dola ya mwaka ule, msingi ungefika kama 3,800, na ushuru ungekuwa 608. Hakuna aliyepiga kura Bungeni kuongeza hizo 128, lakini nyumba ingezilipa katika mwezi ule ule ambao kila kitu kimepanda. Serikali ingevuna zaidi pale hasa mwananchi anapobanwa zaidi.

Ikiwa Hazina lazima ipate kitu kwenye gesi, kuna njia ya ada isiyobadilika, kama shilingi 18 kwa lita zilizowekwa kwenye mafuta taa mwaka 2018. Ada ya shilingi 5 kwa kilo ni 30 kwa mtungi mdogo, dola iwe juu au chini, na mnunuzi anaijua kabla hajatoka nyumbani. Mimi hata hiyo naiona mapema. Kwa wale wenye hofu kwamba nafuu inamezwa na wafanyabiashara, dawa ni bei ionekane. Kila tarehe 14 EPRA hutangaza bei ya juu ya petroli, dizeli na mafuta taa. Itangaze pia bei elekezi ya gesi kwa kilo, ikitenganisha gharama ya kuiagiza, usafirishaji na faida. Tukishaiona, ndipo tutajua nani amekula zile shilingi 240.