Beluga ya Bremen ilizama kwa utapeli tu?

Kila ikitajwa Beluga Shipping, kampuni ya meli ya Bremen, Ujerumani, watu wanamaliza kwa neno moja, utapeli, mi naona hapo stori inakatwa katikati.

Kampuni ilianza 1995, kazi yake mizigo isiyoingia kwenye kontena, mabomba, mitambo ya umeme, mapanga ya mitambo ya upepo, na meli zina kreni zake zenyewe kwa hiyo hata bandari isiyo na kreni ya maana mzigo unashuka. Na jamaa walikuwa wabunifu kweli, 2008 walifunga tiara la mita za mraba 160 mbele ya meli ili upepo usaidie kuivuta mafuta yapungue, 2009 meli zao mbili zikapita njia ya barafu kaskazini mwa Urusi.

Lawama nazo ni za haki. Niels Stolberg, mwenye kampuni, baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008 mahesabu yalipikwa mapato yaonekane makubwa, Oaktree, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, ikaingiza hela, Machi 2011 yakafumuka na kampuni ikafilisika, 2018 mahakama ya Bremen ikampa miaka 3 na nusu. Simtetei hata kidogo. Januari ya mwaka huohuo wa 2011 maharamia wa Kisomali walikuwa wameteka meli yake, Beluga Nomination, huku kwetu karibu na Shelisheli, na baadhi ya mabaharia walikufa, yaani ile familia ya baharia inapokea msiba na kampuni yenyewe inakata roho.

Ila sasa, kwenye mabaki Oaktree wakaunda kampuni mpya, Hansa Heavy Lift, Stolberg hayupo, na Desemba 2018 nayo chali! Hapo ndo utapeli peke yake hautoshi. Meli ziliagizwa soko likiwa juu, deni linalipwa soko likiwa chini, na mambo yakiwa magumu meli za kontena na za kichele (za nafaka, makaa na kadhalika) nazo zinagombania mabomba na vyuma vilevile.

Utasema basi ni soko. Hapana, Spliethoff ya Amsterdam ipo tangu 1921, biashara hiyohiyo na mpaka leo inaelea. Kwangu mimi kilichoua ni kukimbilia ukubwa kwa hela za kukopa, utapeli ulikuja kuficha shimo. Na meli nyingi za Ujerumani enzi zile zilinunuliwa kwa akiba za watu wa kawaida waliochanga kwenye mifuko ya uwekezaji, hao ndo nawaonea uchungu, maana kifungo cha Stolberg hakikuwarudishia akiba.